Kumbukumbu ya mradi wa kamusi kongwe: "wife" na "wise" zimetengana

Imekubali! Ukitafuta "wife" ndani ya kamusi ya Samuel Johnson ya 1755, sasa wanakuja wake za watu, si wenye hekima.

Mchawi ni s ndefu, ſ. Wachapaji wa Uingereza waliitumia mwanzoni na katikati ya neno hadi karibu na 1800, na OCR, programu ya kugeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi, huisoma f. Kwa maneno mengi ya orodha yetu, ya maneno yanayowataja wanawake, si shida: "fhrew", "fpinfter", "goffip" na "miftrefs" si maneno, kwa hiyo lenye f lisipokuwemo kwenye orodha ya maneno ya Kiingereza na lenye s likawemo, badilisha. Kazi ni pale yote mawili yanapokuwemo: "soul" na "foul", "sold" na "fold", na hili la kukera kuliko yote, "wiſe" na "wife". "Hussy" nayo hugeuka "huffy", na kikagua tahajia cha leo kinaipitisha bila kuuliza.

Vidahizo, yaani maneno yanayofasiliwa, vimenusurika kwa sababu Johnson aliviweka kwa herufi kubwa, na S kubwa haina umbo refu. Vina kero zake. Alama ya mkazo imo ndani ya neno (GO'SSIP, SPI'NSTER, WO'MAN), kwa hiyo futa apostrofi kabla ya kutafuta. Tena I na J zimepangwa pamoja, U na V vilevile. Programu inayosubiri sehemu ya J haitamwona "jilt", mwanamke anayempa mpenzi matumaini kisha akamhadaa.

Kuamua kwa muktadha ("his", yaani "wake", ikitangulia, ni mke) kunasaidia kwenye fasili tu. Kwenye nukuu za mashairi, ambazo Johnson amezijaza kila ukurasa, kanuni inaanguka.

Kilichofaulu ni kuipima picha yenyewe. Kijiti cha mlalo cha f hukata shina pande zote mbili. S ndefu ina kinundu kushoto tu, na kwenye italiki mara nyingi haina kabisa. Chukua kisanduku cha neno kutoka TSV (jedwali la matokeo) ya Tesseract, programu yetu ya OCR. Visanduku vya herufi mojamoja achana navyo, injini yake ya LSTM (mtandao wa neva) huvikadiria ovyo. Neno hili lina herufi ndefu moja, basi tafuta safu wima yenye wino mfululizo hadi juu. Herufi "i" haitakuchanganya kwa kuwa chini ya nukta yake pana pengo. Kisha pima wino kulia mwa shina, kwenye kimo cha kichwa cha "e", kwa upana usiozidi nusu ya shina. Ukizidisha unaila "e" na kila kitu kinakuwa "wife". Usigeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe kwanza, maana Otsu, mbinu ya kuchagua mpaka wa nyeusi na nyeupe, hukifuta kijiti chembamba; bakiza kijivu, na skani iwe dpi 600. Palipovuja wino, skripti isiamue, ipeleke kwa jicho la mtu.

Kuna watakaosema funza modeli mpya kwa tesstrain, zana ya kuifundisha Tesseract. Inawezekana, ila kunakili rundo la mistari kwa ajili ya herufi moja ni kujitesa. Kwa vitabu vya miaka ya 1600 hata OCR usiiguse, anza na matini za EEBO-TCP, mkusanyo wa vitabu vya kale vya Kiingereza, zilizochapwa upya na watu.

Kamusi ya Bailey ya 1721 ndiyo iliyokuwa inafuata. Imesogezwa, kwa sababu nukuu zimeanza kusomeka na zina mambo kuliko fasili. Mchukue Webster, mwanakamusi Mmarekani, na kamusi yake ya 1828, ambako s ndefu imeshakwisha. Fasili yake ya "woman" ni kavu: binadamu wa kike aliyefikia utu uzima. Halafu anamleta Shakespeare: wanawake ni laini, wapole, wenye huruma, wepesi kubadilika. Kwenye tamthilia ya tatu ya Henry VI, maneno hayo anayasema York, mtawala hasimu wa Malkia Margaret, akimtukana malkia huyo, kwamba yeye hana hata moja kati ya hayo! Kamusi imelikata tusi katikati na kuliacha kama maelezo ya wanawake wote.

Kwa hiyo jedwali limeongezwa safu mbili, msemaji na anayeambiwa, na linajazwa kuanzia kwa Webster kurudi nyuma kwa Johnson.