Video zilizogoma kufutika

Jamani, kama una folda kwenye Windows ambayo ukiifungua tu dirisha linaganda kisha linajifunga lenyewe, soma hapa kabla hujafikiria kufomati kompyuta.

Nimehangaika na video za AVI ambazo upakuaji wake ulikatika katikati. Kabla hata sijabonyeza kufuta, dirisha limeshapotea. Nikiwahi kubonyeza, naambiwa faili linatumika na programu nyingine! Kumbe anayelishikilia ni kivinjari cha mafaili chenyewe (explorer.exe, programu inayoonyesha folda): kikifungua folda kinajaribu kusoma kila video ili kitengeneze kijipicha na kuonyesha urefu wake. Kikikutana na faili bovu, kodeki (programu ndogo ya kusoma video) inakwama na dirisha zima linaanguka nayo.

Dawa ni kulifuta bila kupitia kwenye dirisha hilo. Nilifungua cmd (dirisha la kuandika amri), nikaingia kwenye folda kwa amri ya cd, nikaandika del na jina la faili ndani ya alama za kunukuu. Likaondoka papo hapo. Likikataa bado, acha cmd wazi, zima explorer.exe kwenye Task Manager (orodha ya programu zinazoendelea), futa, kisha uiwashe tena. Jina likiwa na herufi za ajabu, mara nyingi amri ya dir /x itakupa jina fupi la kutumia.

Ila hakikisheni jina kabla ya kubonyeza Enter, tafadhali sana, maana del haipeleki kitu kwenye pipa la taka.

Kuzima vijipicha na kuweka folda katika mwonekano wa orodha nako husaidia, hasa mafaili mabovu yakiwa mengi.