Mtoto wa Nyumba Nyingine

Kuna ukurasa mmoja katika riwaya ya David Copperfield, ya Charles Dickens, ambao nimeusoma mara nyingi kuliko kurasa zake nyingine zote. Bwana Wilkins Micawber amekwisha kukamatwa kwa sababu ya madeni na kutiwa katika jela ya King's Bench mjini London. David, mtoto wa miaka kumi ambaye ni mpangaji nyumbani kwake, anakwenda kumtazama siku ya Jumapili. Micawber anamngoja nyuma ya lango, wanapanda hadi chumbani kwake, wanalia sana wote wawili, kisha mzee huyo anamsihi mtoto apate funzo kutokana na yaliyomfika yeye: mtu mwenye kipato cha pauni 20 kwa mwaka akitumia pauni 19, shilingi 19 na peni 6, ataishi kwa furaha, lakini akitumia pauni 20 na shilingi 1, ataishi kwa taabu. Akiisha kutoa wosia huo, anamkopa mtoto shilingi 1 ya kununulia bia, anamwandikia hati ya kwenda kulipwa na Bi Micawber, anarudisha leso mfukoni, na uso wake unachangamka.

Mtu mzima aliye jela kwa madeni amekopa kwa mtoto anayeosha chupa ghalani kwa shilingi 6 au 7 za wiki nzima, na hati aliyoitoa haina kitu nyuma yake. Hata hivyo sijapata kukutana na msomaji aliyemchukia Micawber. Mimi mwenyewe simchukii. Nimejiuliza kwa miaka mingi kwa nini, kwa sababu marehemu baba yangu alikuwa mtu wa namna hiyo hiyo, na yeye nilimkasirikia karibu maisha yake yote.

Riwaya hiyo haikutoka kama kitabu kizima. Ilitolewa kila mwezi kuanzia Mei 1849 hadi Novemba 1850, kijitabu cha kurasa 32 na picha mbili, kwa bei ya shilingi 1, na toleo la mwisho lilikuwa la sehemu mbili kwa pamoja. Micawber aliingia katika toleo la Agosti 1849. Msomaji alimkuta na mke anayenyonyesha mapacha, nyumba isiyo na samani za kutosha, na wadai wanaobisha hodi saa zote. Mmoja wao, ambaye David anadhani ni fundi viatu, hufika saa moja asubuhi na kupiga kelele kutoka chini ya ngazi akitaka alipwe, na asipojibiwa hutoka nje, akavuka barabara na kupaza sauti kuelekea madirisha ya juu. Micawber hupatwa na huzuni na aibu kiasi cha kujielekezea wembe. Nusu saa baadaye anang'arisha viatu vyake kwa uangalifu mkubwa na kutoka nyumbani akiimba kwa sauti ya chini. Jioni hurudi akibubujikwa na machozi, akisema kwamba sasa imebaki jela tu, na anapokwenda kulala huwa anapiga hesabu ya gharama za kuweka madirisha mazuri ya kutokeza mbele ya nyumba, endapo kuna jambo litajitokeza.

Wakati huo huo mtoto ndiye anayebeba vitu vidogo vidogo vya nyumba kwenda kuviweka rehani. Ndiye anayechukua vitabu vya nyumba hiyo, kimoja baada ya kingine, hadi kwa muuza vitabu mlevi ambaye asubuhi humkuta bado kitandani, mara na jeraha kwenye paji la uso, mara na jicho lililovimba, akitafuta shilingi kwa mkono unaotetemeka katika mifuko ya nguo zilizotupwa sakafuni. Dickens anayasimulia haya kwa namna inayotufanya tucheke, na tunacheka kweli. Lakini hayakubuniwa kutoka hewani.

Baba yake mwenyewe, John Dickens, alikuwa karani katika ofisi ya malipo ya jeshi la wanamaji. Alikuwa mkarimu, mchangamfu, mwenye maneno marefu na mazuri, na hakuweza kamwe kuishi ndani ya kipato chake. Februari 1824, siku chache baada ya kutimiza miaka 12, Charles alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu karibu na mto Thames, akifunika makopo na kuyabandika karatasi za jina. Kabla mwezi huo haujaisha, baba yake alikamatwa kwa deni la pauni 40 alilodaiwa na mwoka mikate, akatiwa katika jela ya Marshalsea, upande wa kusini wa mto. Mama na wadogo zake walihamia humo humo jelani, kama sheria ilivyoruhusu, na yeye akawekwa kwa bibi mzee mmoja aliyefahamiana na familia yao. Wosia ule wa pauni 20 aliusikia kwa masikio yake mwenyewe, kutoka kinywani mwa baba yake, ndani ya jela. John Dickens aliachiliwa mwezi Mei. Mtoto aliendelea kubandika karatasi kwa muda baada ya hapo.

Hakuna msomaji wa mwaka 1849 aliyeyajua haya. Dickens hakuyatangaza maishani mwake. Alimwachia rafiki yake John Forster maandishi, naye akayachapisha mwaka 1872 katika kitabu cha maisha yake, miaka miwili baada ya kifo chake. Katika maandishi hayo ukali mkubwa anauelekeza kwa mama yake, ambaye alitaka mtoto arudishwe kiwandani hata baada ya baba kumtoa. Baba anaelezwa kwa upole wa kushangaza.

Sasa tazama alichokifanya alipokuwa akitunga. Alimchukua baba yake kama alivyo, na madeni yake, machozi yake na wosia wake, lakini akamwondolea jambo moja: ubaba wa mtoto anayesimulia. David ni yatima wa baba na mama. Ghadhabu yote ambayo mtoto angeweza kuwa nayo juu ya mtu aliyempeleka kazini imeelekezwa kwa Murdstone, baba wa kambo, mtu mgumu asiye na deni hata peni moja. Micawber amebaki kuwa mwenye nyumba tu. Hakumleta David duniani, hakuahidi kumsomesha, na kila wema anaoutoa, hata kipande cha mkate na maneno ya kumtia moyo, ni wema wa ziada ambao hakuna aliyekuwa na haki ya kuudai. Msomaji anamtazama kwa macho ya David, kwa hiyo naye anakuwa mtoto wa nyumba nyingine, aliyealikwa mezani bila kulazimika kuuliza nani atalipa chakula.

Jambo hili sikulielewa kwa kusoma. Nililielewa msibani.

Baba yangu alikuwa karani katika shamba moja la mkonge upande wa Korogwe. Mshahara ulipoingia, nyumba yetu ilijaa watu: soda kwa watoto wa mtaa mzima, nyama, redio mpya iliyokopwa dukani, hadithi hadi usiku. Baada ya wiki moja tulirudi kwenye daftari la mkopo. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na mimi ndiye niliyetumwa na lile daftari. Nakumbuka jalada lake la kijani lililolainika kwa jasho la mkono wangu, na jinsi mwenye duka alivyolowesha kidole, akafunua kurasa moja moja hadi kwenye jina la baba, akakaa kimya kuliangalia huku wateja wengine wakisubiri nyuma yangu. Nilifundishwa kusema kwamba baba amesafiri. Nililisema hilo hata siku ambayo sauti yake ya kucheka ilisikika kutoka uani kwetu.

Siku ya tatu ya matanga, kijana wa jirani, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye familia, alisimama kusema machache. Alisimulia jinsi mzee alivyomfundisha kuendesha baiskeli, na jinsi alivyomnunulia viatu vya shule mwaka ambao baba yake mzazi hakuwa na kazi. Alilia, na waombolezaji wakalia pamoja naye. Nilipohesabu miaka, nikatambua kwamba ni muhula ule ule nilioukosa kwa sababu ada yangu haikulipwa. Yule kijana hakusema uongo. Baba aliyemjua yeye alikuwepo kweli, na machozi yake yalikuwa ya haki kabisa. Yeye alikuwa David.

Tangu siku hiyo ninapoisoma riwaya hii huwatafuta watoto wa Micawber, nami huwakuta pembeni tu. Mapacha wananyonya. Mtoto wa kiume wa kwanza, aliyepewa jina la baba yake, anakua, ana sauti nzuri, na wazazi wanatarajia aimbe katika kanisa kuu la Canterbury, lakini inasemekana kwamba amezoea kuimba katika vilabu vya pombe. Hatuambiwi anafikiri nini. Hatumwoni akijibu mlango fundi viatu anapobisha. Laiti Dickens angempa sura moja tu ya kusimulia yeye, sidhani kama kicheko chetu kingebaki jinsi kilivyo, na naamini mwandishi alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Utoaji wa mwezi kwa mwezi nao ulimsaidia sana Micawber. Anayesoma kitabu kizima leo anaweza kujumlisha madeni kwa siku tatu na kuchoka naye. Msomaji wa wakati ule alimwona Agosti, akamwona tena Oktoba, kisha Novemba na Desemba zikapita bila yeye, na mwishoni mwa toleo la Januari 1850 akatokea ghafla nyumbani kwa Traddles, rafiki wa David, akimshika David mikono yote miwili kwa furaha. Ndivyo anavyofika mjomba aliyepotea kwa muda: kabla hujakumbuka kwamba hakurudisha fedha zako, umekwisha kumkumbatia. Toleo la Februari likamwonyesha akikoroga kinywaji chake cha ndimu na ramu, uso wake uking'aa katikati ya mvuke, na sidhani kama kulikuwa na msomaji aliyetamani aondoke mezani.

Halafu ukaja mwezi Machi. Traddles, kijana maskini anayejikusanyia vyombo kimoja kimoja ili apate kuoa, alikuwa amemwekea Micawber saini ya dhamana. Dalali akaja kukamata mali ya nyumba hiyo, akachukua na meza yake ndogo ya duara yenye uso wa marumaru, pamoja na chungu cha maua cha mchumba wake, Sophy. Kukopa harusi, kulipa matanga, tunasema, ila hapa harusi ilikuwa ya mmoja na matanga ya mwingine. Kwangu mimi hapa ndipo riwaya inaposema ukweli wote. Aprili, Micawber anapohamia Canterbury, anasimama kwa heshima kubwa na kumkabidhi Traddles hati ya deni ya pauni 41, shilingi 10, peni 11 na nusu. David anasema kwamba kwa Micawber kuitoa hati hiyo kulikuwa sawasawa na kulipa, na kwamba hata Traddles mwenyewe hakuigundua tofauti hadi alipopata muda wa kufikiri. Dickens alimwacha mtu mwema aumizwe mbele ya macho yetu, na bado tukampenda aliyemuumiza.

Mwisho aliompa siukubali kwa urahisi. Micawber anafichua wizi wa Uriah Heep, mwajiri wake huko Canterbury, madeni yake yanashughulikiwa na wengine, familia inasafirishwa Australia, na huko anakuwa hakimu anayeheshimika. Katika maisha halisi John Dickens alipelekwa mbali na London mwaka 1839, katika nyumba ndogo aliyopangishiwa na mwanawe huko Devon, na akarudi. Mwaka 1841 mwanawe alilazimika kutangaza magazetini kwamba hatawajibika kwa deni lolote isipokuwa lake na la mkewe. Hakukuwa na bahari kubwa ya kutosha kati yao.

Ila kuna ukurasa mwingine, katika toleo lile lile la Agosti, ambao naona umemponyoka mwandishi. Familia inaondoka kwenda Plymouth. Bi Micawber ameketi nyuma ya gari la farasi pamoja na watoto, David amesimama barabarani akiwatazama, na kwa mara ya kwanza yule mama anaona jinsi alivyo mdogo. Anamwashiria apande, anamzungushia mkono shingoni, anambusu kama ambavyo angembusu mwanawe wa kumzaa. David anawahi kushuka tu, gari linaondoka, naye anarudi ghalani kwenye chupa. Kwa muda huo mfupi yule mpangaji ni mtoto wao, na wanamwacha barabarani.

John Dickens alikufa tarehe 31 Machi 1851, miezi michache baada ya toleo la mwisho. Alizikwa katika makaburi ya Highgate, na mwanawe akaandika katika jiwe la kaburi kwamba alikuwa na roho ya bidii, yenye manufaa na uchangamfu. Kaburi la baba yangu tulilisakafia kwa saruji na kuandika jina na miaka miwili tu. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye hakuwahi kutumwa na daftari, alitaka tuongeze maneno, na mimi ndiye niliyekataa. Mwezi uliopita nilimpigia simu kumwuliza alitaka yaandikwe maneno gani.