Jinsi Nilivyojifungua Bila Dawa ya Kutuliza Uchungu

Watu wakisikia kwamba mtoto wangu wa pili nilimzaa bila dawa, wengi hudhani kuwa nilikataa kila kitu cha hospitali. Sivyo. Nilichokataa ni dawa za kupunguza uchungu peke yake. Ile sindano ya oksitosini ambayo mzazi hudungwa pajani mtoto akishatoka, ili damu isimwagike kwa wingi, nilimwomba mkunga mapema asiisahau. Tena wanawake wengi wa huku kwetu Mombasa huzaa bila sindano ya mgongoni ya kuzuia uchungu kwa sababu haipatikani au bei yake haishikiki, wala hakuna anayewapigia makofi. Mimi nilichozidisha ni kujiandaa tu.

Kwa mtoto wa kwanza nilikuwa nimeandaa nguo zake na basi. Tangu nilipofika hospitalini, ambayo sina haja ya kuitaja, nililazwa chali, na kila uchungu ulipokuja nilikaza taya, mabega na hata vidole vya miguu, kama mtu anayezuia mlango usisukumwe. Mkunga niliyempata katika mimba ya pili ndiye aliyenieleza kwamba hofu huukaza mwili, na mwili uliokazwa huumia zaidi. Aliniambia pia, bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba mpango wangu utasimama iwapo mtoto atatanguliza kichwa, presha yangu itakuwa sawa na damu yangu itatosha. Likiharibika moja kati ya hayo, tutafuata njia nyingine.

Kuanzia wiki ya 28 nilifanya mazoezi ya pumzi kila usiku, nikivuta hewa kwa hesabu ya nne na kuitoa polepole kwa hesabu ya sita, huku nimelegeza taya. Jioni nilitembea ufukweni Mama Ngina, na kuanzia wiki ya 34 nilikuwa nikikanda sehemu ya njia ya uzazi kwa mafuta ya nazi ili ngozi izoee kutanuka. Tende nilikula pia, kwa kuwa nyanya zetu wote wanazisifu na Bibi Maryamu mwenyewe aliambiwa autikise mtende, ingawa sidai kwamba ndizo zilizonizalisha. Wiki ya 38 niliondoka Likoni nikahamia kwa shangazi, Majengo. Kushikwa na uchungu ukiwa kwenye foleni ya feri ni jambo ambalo simtakii mtu.

Uchungu ulinianza saa kumi alfajiri. Shangazi aliamka, akanitazama, akasema, "Tembea, mwanangu, mimi nakuna nazi," kwa maana alikuwa amekwisha kuroweka mbaazi. Nilishika ukingo wa mlango, nikainama, na kila uchungu ulipopanda niliisikiliza ile mbuzi ikikwaruza, nikitoa pumzi kwa mwendo uleule wa mikono yake. Uchungu ulipozidi aliacha nazi, akaja kunikandamiza kwa kiganja pale chini ya kiuno, mkono wake ukinuka tui, na maumivu yakashuka kiasi cha kuniwezesha kusema. Nadhani hakuna zoezi lililonisaidia kuliko mkono ule.

Uchungu ulipokuwa ukija kila dakika tano na kudumu dakika nzima, kwa muda wa saa moja hivi, tulikwenda hospitalini. Saa nne asubuhi nilipimwa, njia ilikuwa imefunguka sentimita sita. Mkunga alisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, akaandika kwenye chati, akaniruhusu nisimame.

Ilipofika sentimita nane nilishindwa. Nilitetemeka, nikatapika, nikamwambia nataka sindano yoyote aliyo nayo. Sikuwa natania. Alinifunga leso kiunoni na kuivuta kwa nyuma, akasema, "Mamangu, hapa ndipo kila mtu husema hivyo. Umebakisha kidogo. Nipe pumzi moja, tutaongea baada yake." Nikampa moja, kisha nyingine, na mazungumzo yale hatukuyafanya kamwe.

Nilisukuma nikiwa nimepiga magoti kitandani, nimeukumbatia mgongo wa kitanda. Kichwa kilipokuwa kikitoka palichoma kama pilipili, naye akaniamuru niache kusukuma na nipulize tu, kama ninayepoza chai, ili ngozi isipasuke vibaya. Saa saba na dakika ishirini mchana mtoto wa kike aliwekwa kifuani kwangu, kitovu hakijakatwa. Nilidungwa sindano yangu ya pajani, kondo la nyuma likatoka, nikashonwa nyuzi mbili kwa ganzi. Hapo sikujifanya shujaa hata kidogo.

Baba yake aliingia, akamwadhinia sikioni. Saa tisa alasiri shangazi aliwasili wodini na zile mbaazi, nikazila zote.