Sumu ya kipindupindu kwenye PyMOL: arginini ya 201 na pembe iliyogeuka

Lengo ni kuonyesha, kwa PyMOL (programu ya kuchora molekuli kwa pande tatu), jinsi kipande A1 cha sumu ya kipindupindu kinavyobandika ADP-ribosi, kipande cha molekuli ya NAD, kwenye Gs-alfa, protini ya kupitisha ishara ndani ya seli ya utumbo.

Majina kama 1XTC ni ya mafaili ya maumbo ya protini kutoka hifadhi ya PDB. 1XTC, yenye sumu nzima, imewekwa kando. Inafaa kuonyesha pete ya vipande vitano vya B, lakini sehemu tendaji ya A imezibwa na kitanzi chake yenyewe. Ukiingiza NAD kwa nguvu, atomi zinagongana. Inatumika 2A5F: A1 imeshikana na ARF6, protini ya seli inayoiamsha, na NAD imekaa mahali pake. Usiifute ARF6 ili picha iwe nyepesi, maana ndiyo inayokisogeza kitanzi. Glutamati 110 na 112, amino asidi za sehemu tendaji, zimepakwa nyekundu.

Upande wa seli ni 1AZT, faili la Gs-alfa. Hapa ndipo namba zinapopotosha watu: kwa amino asidi inayobandikwa, maandiko mengine husema arginini 187, mengine 201, na ni ile ile. Gs-alfa ndefu ina amino asidi 394, fupi 380. Tofauti ni 14. Faili linafuata hesabu ndefu:

select lengo, chain A and resi 201

Ukiandika 187, programu inakupa amino asidi nyingine bila kulalamika. Hakikisha arginini uliyoipata inaelekea fosfati ya tatu ya nukleotidi. Kazi yake ni kusaidia kuikata fosfati hiyo, na sumu inaiziba hiyo hiyo.

Kubandika ndiko kulikokula muda. Katika NAD, nikotinamaidi imefungwa kwenye sukari ya ribosi kwa mkao wa beta, yaani upande mmoja wa pete; alfa ni upande wa pili. Arginini hushambulia kutokea nyuma, hivyo zao ni alfa. Ukikata nikotinamaidi na kuchomeka arginini palepale, picha inapendeza lakini kemia ni ya uongo. Dawa: nikotinamaidi ikiwa bado imo, weka pk1 (alama ya PyMOL ya atomi iliyochaguliwa) kwenye kaboni ya kwanza ya ribosi, pk2 na pk3 kwenye majirani zake wawili wa ndani ya pete, kisha toa amri ya invert, inayogeuza mkao. Baada ya hapo ndipo ukate na kuunganisha. Hakiki uzito ulioongezeka: NAD 663 kutoa nikotinamaidi 122, yaani 541.

Hakuna faili kati ya haya lenye A1 na Gs-alfa pamoja. Mkao wao ni makisio, na maelezo ya picha yameandikwa hivyo.

Bado: fremu za cAMP (molekuli ya ishara ndani ya seli) kupanda, CFTR (mlango wa kloridi) kumwaga kloridi na maji kufuata. Na SGLT1, protini ya usafirishaji, pembeni, ikiendelea kuingiza sodiamu pamoja na glukosi. Sumu haiigusi, ndiyo maana ORS (maji ya chumvi na sukari ya kunywa) inafanya kazi.