Kutoka JKIA hadi Wilson, Saa Tatu na Dakika 25

Tiketi niliikata mwenyewe, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu. Ilikuwa Novemba 2023, mvua za vuli zimekuja pamoja na El Niño na Nairobi imelowa chepechepe. Mjomba wangu alikuwa anarudi Lamu kutoka Mumbai, alikokwenda kufanyiwa upasuaji wa jicho. Ndege yake ilitua JKIA, uwanja mkubwa wa kimataifa wa Nairobi, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi. Ile ya Lamu ilikuwa iondoke Wilson, uwanja mwingine wa hapo hapo Nairobi, saa nane na robo mchana. Ukipiga hesabu ni saa tatu na dakika 25, na viwanja vyenyewe vimeachana kilomita 18 hivi. Nilipomkatia nilijiona nimempa muda wa kutosha, hata wa kunywa chai.

Muda huo huanza kuliwa kabla hujaona gari. Ndege mbili za kampuni zisizoshirikiana hazipokezani mizigo, kwa hiyo sanduku halipiti peke yake kwenda Lamu. Msafiri anapita uhamiaji, anasubiri sanduku kwenye mkanda wa mizigo, anapita forodha, kisha anatoka nalo mwenyewe. Mjomba alitokeza saa sita na dakika kumi, miwani myeusi usoni na sanduku limefungwa kamba ya katani juu ya zipu. Kaunta ya Wilson ilikuwa ifungwe dakika 30 kabla ya safari, yaani saa nane kasoro robo. Zile saa tatu na ushei zikawa saa moja na dakika 35.

"Mwanangu, twenda uwanja gani tena?" akaniuliza. "Si huu ndio uwanja?"

Matatu niliiondoa akilini mara moja, ingawa ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Basi la kuunganisha viwanja hivi viwili sijawahi kuliona. Unapanda namba 34 hadi katikati ya mji, unavuka mji kwa miguu hadi stendi ya Railways, kisha unatafuta gari la Rongai au Lang'ata likushushe mbele ya Wilson. Kwa kijana mwenye begi la mgongoni na nafasi ya saa nne, sina neno. Kwa mzee aliyetoka kupasuliwa jicho, na sanduku ambalo makanga atalitoza kiti chake, ni kumtesa tu. Boda boda ingewahi kuliko gari lolote, lakini sanduku lile lingekaa wapi?

Nikafungua programu ya teksi kwenye simu. Dereva wa kwanza akapiga: "Uko wapi boss? Unaenda wapi?" Nikamwambia Wilson. "Unalipa cash?" Nikamwambia ndiyo. Akakata simu, na safari akaifuta. Wa pili naye vivyo hivyo. Sikuwalaumu sana. Dereva anayepanga foleni ya uwanja wa ndege anaweza kukaa saa nzima akiomba abiria wa Westlands au Karen, na Wilson kwake ni safari fupi isiyorudisha hata muda aliosubiri. Lakini dakika 14 zilikuwa zimekwenda. Siku hizi nikiona dereva anauliza ninakokwenda kabla hajaniambia yuko wapi, simngoji anifute. Namfuta mimi.

Tukaenda kwa teksi za stendi, zile za mstari wa njano. Bei ilikuwa juu ya ile ya simu, ila dereva alikuwa amesimama pale pale na ufunguo mkononi, na hicho ndicho nilichokuwa ninanunua. Tukapatana bei kabla ya buti kufunguliwa, tiketi ya maegesho ikiwa ndani ya bei hiyo. Hilo la maegesho lisiposemwa mapema huibuka mwisho wa safari, wakati abiria ana haraka na hana nguvu ya kubishana.

Tulipotoka getini ndipo yalipoanza mashauriano yenyewe. Dereva alitaka Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022. "Boss, tupande juu, tushukie Haile Selassie, turudi Nyayo chap chap, tushike Lang'ata Road." Kwa anayekwenda mjini au Westlands, ningemwambia apande bila kufikiri. Lakini Wilson haiko huko. Ukishukia Haile Selassie umeshaipita, unaanza kurudi nyuma kupitia mzunguko wa Nyayo, na Nyayo wakati wa mvua humeza magari kutoka pande zote bila kuyatema. Unalipa ada ili uwahi kuingia kwenye msongamano.

Njia ya Wilson ni Southern Bypass. Unateremka Mombasa Road ya chini, unapita vituo vya Cabanas, Imara Daima na GM, na ukifika hoteli ya Ole Sereni unashika Bypass kushoto. Hapo hakuna kulipia. Barabara inazunguka kando ya mbuga ya wanyama ya Nairobi, uzio na nyasi upande wako wa kushoto, mpaka inapokutana na Lang'ata Road. Kipande cha Bypass hakinipi wasiwasi, dakika kumi na ushei unakimaliza. Shughuli iko kati ya Cabanas na Ole Sereni. Pale malori ya kutoka bandarini Mombasa, magari ya Industrial Area na abiria wa uwanja wa ndege wote hubanana kwenye lami ile ile, na mvua ikinyesha maji hutuama ukingoni. Njia ya kushoto inakufa, ya katikati inabeba mzigo wote.

"Bypass," nikasema.

"Sawa boss, lakini hapo GM kuko maji."

Maji yalikuwepo kweli. Tulipofika karibu na GM tulikuwa tunatambaa. Wepa ya upande wa dereva ilikuwa imechakaa mpira, inapiga kelele na kuacha mstari wa matope katikati ya kioo, naye akawa anainama kila mara kuchungulia chini ya ule mstari. Mbele yetu gari dogo lilikuwa limezimika kwenye maji, boneti juu, na kila aliyelifikia alitafuta kuingia njia ya kulia. Saa saba kasoro dakika tano. Tulikuwa na dakika 50.

Mjomba, ambaye maisha yake yote foleni aliyoijua ni ya mashua pale gatini, akauliza kwa nini mji mmoja uwe na viwanja viwili. Nikamwambia Wilson ndio mkongwe. Jina ni la Bi Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege Nairobi mwaka 1929. Huu wa Embakasi, yaani JKIA, ulifunguliwa mwaka 1958, na wafungwa wa wakati wa Mau Mau ndio waliotumikishwa kuujenga. Ndege kubwa zikawa za huku, ndogo zikabaki kule: za Mara, Amboseli, Lodwar, Lamu. "Basi wangeviweka karibu," akasema, na kwa hilo sikuwa na jibu.

Ole Sereni tuliifikia saa saba na dakika tisa. Ndani ya Bypass dereva akapata pumzi. Nikamwonya jambo moja tu: ukitokea upande huu ukageukia mjini kwenye Lang'ata Road, Wilson inakuwa mkono wa kulia, ng'ambo ya barabara. Ukipitiwa na pa kugeuzia, unaweza kujikuta umeshaipita, uko mbele huko T-Mall. Na usimwambie dereva "Wilson" ukanyamaza, maana pale kampuni nyingi za ndege zina majengo yao na mageti yao. Taja kampuni. Hata kwenye simu, andika jina la kampuni, si la uwanja.

Saa saba na dakika 28 tulikuwa kaunta. Nikashusha pumzi mapema mno.

Kwenye mizani sanduku lilisoma kilo 27. Tiketi ya kutoka Mumbai ilimruhusu kilo 30. Ile ya Lamu, niliyoikata kwa mkono wangu na kuituma bila kuisoma tena, ilisema kilo 15, begi la mkononi likiwa ndani ya hesabu. Ndege hizi ndogo hupangwa kwa uzito, abiria na mizigo pamoja, na begi laini hupendwa kwa sababu hubanwa likaingia pembeni ambako sanduku gumu haliingii. Nilikuwa tayari kulipia kilo za ziada. Binti wa kaunta akatikisa kichwa. "Shida si pesa, mzee. Ndege imejaa. Zitaenda kesho."

Mjomba akachuchumaa sakafuni, akakata ile kamba kwa kisu tulichoazimwa na mbeba mizigo, akaanza kuchagua. Matone ya jicho yalikuwa chini kabisa ya sanduku, chini ya vitambaa vya sari vya mabinti zake. Hayo nilipaswa kumwambia ayaweke mfukoni tangu Mumbai. Akayatoa. Nguo zake zote akaziacha. Kisha akaibeba kwapani sufuria ya presha ya chuma cha pua, ndani ya boksi lake, aliyoagizwa na mkewe.

"Nguo zaweza kungoja," akasema. "Nikifika bila hii, bora nisifike."

Ikapimwa, ikapita. Kaunta ikafungwa.

Nilivuka Lang'ata Road kutafuta gari la kurudi mjini. Mvua ilikuwa imeanza upya, na makanga wa gari la Rongai alikuwa ameshapandisha nauli.