Windows 7 bado inawaka, ila mlango uko wazi

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Ukiona Windows 7, masasisho ya bure ya usalama yalikoma 14 Januari 2020. Windows 10 nayo ilifikia kikomo 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa masasisho ya nyongeza.

Uzee wenyewe si tatizo. Microsoft inapoziba tundu kwenye toleo jipya, wadukuzi hulinganisha faili la kabla na la baada, wakajua tundu lilikuwa wapi. Mara nyingi lipo pia kwenye toleo la zamani, na huko halizibwi tena. Mei 2017, WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilipita kwenye SMBv1, itifaki ya kushirikishana mafaili, kupitia poti 445 (mlango wake wa mtandao), bila mtu kubofya chochote. Dawa yake ilikuwa imetoka Machi mwaka huohuo! Walioumia ni ambao hawakuiweka.

Usiniambie una antivirusi. Haizibi tundu la mfumo. Kivinjari nacho kimekwama: Chrome kwenye Windows 7 iliishia toleo la 109.

Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na RAM ya GB 4. Mashine ikigoma, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha weka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows; flashi ya GB 8 inatosha kuusakinisha. Kama kuna programu ya kazini isiyokubali kwingine, iache Windows 7, lakini chomoa kebo ya mtandao, zima Wi-Fi, na kila flashi ikaguliwe kwanza kwenye kompyuta nyingine.