Jioni ya Bluzi kwa Mjomba

Mnamo Desemba 2016, siku chache baada ya Rolling Stones, bendi kongwe ya roki ya Uingereza, kutoa albamu yao ya bluzi, muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, "Blue & Lonesome", niliinunua santuri yake na kwenda nayo kwa mjomba wangu, mashariki mwa London. Mjomba alikuwa amepiga gitaa la solo katika bendi za dansi za Dar es Salaam kabla ya kuhamia Uingereza, na tangu utotoni nimeyaamini masikio yake kuliko ya mhakiki yeyote.

Baada ya kumwamkia, nilimweleza niliyokuwa nimeyasoma: kwamba Desemba 2015 wazee hao waliingia studio ya British Grove, Chiswick, wakiwa na nia ya kurekodi nyimbo zao mpya, wakapiga kwanza bluzi ya zamani ili wakizoee chumba, na kwa kuwa ilikubali wakaendelea nayo, hata baada ya siku 3 wakawa na nyimbo 12, zote za watunzi wengine. Mjomba alisogeza kiti karibu na spika.

Wimbo wa kwanza haukuwa umefika katikati aliponiambia, "Mpwa wangu, hawa wako chumba kimoja. Hakuna aliyerekodi peke yake." Akanieleza jinsi walivyorekodi Redio Tanzania: bendi nzima ilipiga kwa pamoja, mwimbaji, magitaa, tumba na tarumbeta, na mmoja akikosea noti, wote walianza upya. Nyimbo zilizopatikana kwa njia hiyo, alisema, zina joto ambalo fundi wa mitambo hawezi kuliongeza baadaye.

Aliporudia kuusikiliza "Little Rain" wa Jimmy Reed, alinitaka nimfuatilie Charlie Watts, mpiga ngoma wao, ambaye katika wimbo huo wa taratibu anapiga kidogo mno, huku kila pigo likitua mahali pake. Mwaka 1964 Rolling Stones, wakati huo vijana, walikwenda kurekodi Chess, Chicago, katika studio ya mabwana wao wa bluzi, wakiwa na umri wa miaka ya ishirini. Naona kwamba huzuni ya nyimbo hizi iliwakaa vizuri zaidi walipofikia umri wa takriban miaka sabini, kwa sababu hapakuwa tena na haja ya kuiigiza.

Tuliyotofautiana ni mawili. Mimi nilivutiwa na mpiga gitaa Eric Clapton, aliyekuwa akifanya kazi katika jengo hilohilo akaingia kuwasaidia katika nyimbo 2; mjomba aliona kwamba gitaa la mgeni lilivuta masikio mbali na bendi. Kisha tukatafuta rekodi za Little Walter mwenyewe, bingwa wa kinanda cha mdomo, ambaye nyimbo zake zimeipa albamu hiyo uti wa mgongo, tukalinganisha. Nilidai kwamba Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, amemkaribia sana kwa kinanda cha mdomo. Mjomba alikataa katakata: pumzi ya Little Walter, alisema, haijapata mrithi, ila Jagger ameipuliza bluzi hiyo kwa adabu ya mwanafunzi ambaye hajaacha kujifunza. Katika hilo la pili, nilimkubalia.